Kumheshimu Mzazi Aliyekwisha Kuzikwa

Leo twataka kunena juu ya amri ya tano, hasa kwa wale ambao mzazi wao amelala kaburini, nao walitengana naye pasipo kupatana. Wengi hutujia na swali hili matanga yakiisha: mtu amheshimuje baba asiyesikia tena?

Mfano wetu ni mchoraji wa Uholanzi, Vincent van Gogh, aliyezaliwa mwaka 1853. Babaye, Theodorus, alikuwa mchungaji wa kanisa. Mwana naye alikwenda kuwahubiri wachimbaji wa makaa ya mawe huko Borinage, Ubelgiji, lakini mwaka 1879 wakubwa wa kanisa wakakataa kumwongezea muda. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 27, akashika kujifunza kuchora watu.

Alijifunza kwa taabu. Alinakili tena na tena vielelezo vya mafunzo vya Charles Bargue, kisha akawaendea watu wenyewe: wakulima wakichimba, wanawake wakishona, na mwaka 1884 kijijini Nuenen, wafumaji wa nguo katika vitanda vyao vya kufumia. Wengi wa wafumaji hao aliwachora kwa kalamu na wino.

Sasa, wino si kama penseli. Penseli hufutika kwa raba. Wino ukikauka, umekauka. Giza la shavu hujengwa kwa mistari midogo, mmoja kando ya mwingine, mingine ikikatiza. Mstari ukienda kombo, mchoraji huongeza ulio sawa zaidi kando yake, na ule wa kwanza hubaki waonekana. Kwa hiyo hana budi kumtazama sana mtu aliye mbele yake kabla ya kugusa karatasi. (Baadaye, huko Ufaransa mwaka 1888, alijichongea kalamu za matete. Neno letu kalamu latoka katika Kiarabu, na asili yake ni tete.)

Kumtazama babaye kulikuwa kugumu zaidi. Krismasi ya mwaka 1881 Vincent alikataa kwenda kanisani. Wakagombana vikali, na baba akamwamuru atoke nyumbani. Miaka miwili baadaye alirudi kukaa na wazazi Nuenen, lakini mapatano hayakuwa kamili. Tarehe 26 Machi 1885 mzee alirudi kutoka matembezini, akaanguka mlangoni, akafa. Alizikwa tarehe 30, siku ambayo mwanawe alitimiza miaka 32.

Sisi katika mazishi yetu husoma maisha ya marehemu kana kwamba yamepitiwa na raba. Hakugombana na mtu, hakukosea, watoto wote walimpendeza. Walioketi nyuma hutazamana. Vincent hakufanya hivyo. Siku chache baada ya mazishi alichora maua chomboni, na mbele yake akaweka kiko na mfuko wa tumbaku wa babaye, vitu ambavyo mkono wa mzee ulivishika kila siku.

Mwezi Oktoba alichora kwa rangi Biblia kubwa ya babaye, imefunguliwa Isaya 53. Kando yake pana mshumaa uliozimika, na mbele yake kitabu kidogo cha hadithi cha Mfaransa Émile Zola, kimechakaa kwa kusomwa. Vitabu vya namna hiyo mzee hakuvipenda kabisa.

Wako wasemao kwamba picha hii ni dharau kwa marehemu. Sisi hatuoni hivyo. Ugomvi wao aliuacha mezani waziwazi, kama mstari wa wino uliokwenda kombo, na kando yake akaweka heshima. Biblia ndiyo iliyojaza meza. Sura aliyoichagua yahusu mtumishi aliyedharauliwa, ambaye watu hawakutaka hata kumtazama. Maandishi mengi ya kurasa zile ni madoa ya rangi tu, lakini jina la Isaya na namba ya sura aliviandika vikasomeka.