Anwani ya Kazini: Ilivyotafutwa Zamani na Inavyohakikiwa Leo

Familia nyingi za mipakani zina ndugu wanaotafuta riziki ng'ambo. Ikifika barua pepe kwa jina la ofisi ya nchi jirani, ikiahidi ajira na kudai ada, watu hutuuliza: je, ni ya kweli? Ili tujibu, yafaa tuanze na intaneti ilipokuwa changa.

Mwaka 1971, mhandisi Ray Tomlinson wa Marekani alitumia alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la kompyuta yake. Mtandao ulipokua, hapakuwa na daftari moja lenye anwani za watu wote. Aliyemtafuta mtu kazini alibisha hodi kwenye kompyuta ya mwajiri. Programu iliyoitwa finger ilimweleza nani ana akaunti pale na aliingia lini mara ya mwisho. Kanuni za SMTP za mwaka 1982 zilikuwa na amri ya VRFY, ya kuiuliza seva kama jina fulani lipo. Aliyeshindwa alimwandikia msimamizi wa barua wa kituo kile, kwa anwani ya postmaster. Au alikisia, akiunganisha herufi ya kwanza ya jina na jina la ukoo. Wengi walipiga simu tu, wakauliza.

Milango hiyo iliachwa wazi kwa kuwa watumiaji walikuwa wachache na waliaminiana. Novemba 1988, programu hasidi ya mwanafunzi Robert Morris ilipenya katika maelfu ya kompyuta, ikitumia, pamoja na njia nyingine, kasoro ya finger. Baadaye watuma barua za ulaghai wakaitumia VRFY kukusanya anwani. Wasimamizi wengi wakaifunga milango hiyo.

Kukisia, hata hivyo, hakukufungwa. Tapeli anayejua jina la ofisa hubuni anwani inayofanana na yake. Kwa hiyo, tusidanganywe na jina lililotangulia alama ya @, kwani yeyote aweza kujichagulia. Tusome mwisho wa anwani: ofisi za serikali hutumia .go.ug nchini Uganda, .go.ke Kenya, .go.tz Tanzania na .gov.rw Rwanda. Barua ya "wizara" inayotoka kwenye anwani ya bure ya watu binafsi ni ya kutiliwa shaka.

Wala mwisho sahihi hautoshi. Kanuni zile za 1982 hazikumdai mtumaji athibitishe jina lake, na hadi leo jina la mtumaji laweza kughushiwa. Basi turudi kwenye njia ya wazee wa mtandao: tupige simu ofisini, kwa namba tuliyoitafuta wenyewe, si iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Ndugu wananchi, kabla ya kutuma fedha au nakala ya pasipoti, leteni barua hiyo kituoni tuisome pamoja. Msiifute, hata mkiwa mmekwisha kulipa, ni ushahidi. Kuuliza si aibu.