Pesa Imetoka, Meseji Haijafika: Ufanye Nini?

Ni siku ya soko Mutomo, Kitui. Mama amepima magunia mawili ya ndengu na mnunuzi amemaliza kubonyeza simu.

"Mama, nimetuma."

Mama anaangalia kabambe yake. Kimya.

"Bado haijasoma, kijana wangu."

Kijana naye hajapata meseji yoyote. Nyuma yake lori linapiga honi. Atume tena? Na mama je, aachilie mzigo kwa sababu kijana anaonekana mtu wa heshima?

Maswali haya mawili yana jibu moja, na ukilielewa halikutoki: pesa haiko ndani ya simu, na meseji si pesa. Meseji ni taarifa tu kuhusu pesa.

Pesa inakaa wapi basi?

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwezi wa Machi 2007, mambo yamekuwa hivi: shilingi zenyewe zimewekwa benki kwenye akaunti za amana. Kampuni ya huduma ina kompyuta kubwa zinazotunza daftari, na kwenye daftari hilo kila mteja ana mstari wake. Simu yako ni dirisha la kuzungumza na daftari. Ndiyo maana simu ikitumbukia Mto Athi, ule unaopita kati ya Makueni na Kitui, pesa haizami nayo. Ukirudishiwa laini yako, salio unalikuta pale pale.

Ukituma pesa na kuweka PIN, ombi lako linasafiri hadi kwenye mnara, kisha hadi kwenye kompyuta hizo. Huko daftari linafanya mambo mawili kwa pamoja: linapunguza mstari wako na kuongeza mstari wa mpokeaji. Ama yote mawili yamefanyika, ama hakuna lililofanyika. Daftari likishaandikwa ndipo meseji mbili zinatumwa, moja kwako na moja kwake. Kwa hivyo meseji inaweza kukwama njiani na pesa imeshahama kitambo.

Kwa nini meseji inachelewa?

Hapa kuna njia mbili tofauti. Ukibonyeza nambari kama *334# unafungua mazungumzo ya moja kwa moja. Ni kama kusimama dirishani na kuongea na karani: unauliza, anajibu, na mtandao ukikatika mazungumzo yanakatika pia. Hakuna kinachohifadhiwa ili uletewe baadaye.

Meseji ni kama barua iliyoachwa dukani. Simu yako isipopatikana, kituo cha meseji kinaiweka na kujaribu tena baadaye. Ndiyo sababu ukitoka bondeni ukafika juu ya mlima, simu inaanza kulia mara tatu, nne mfululizo. Ni barua zilizokuwa zinakungoja.

Watu wa Mbooni na Kilungu wanajua jambo hili vizuri. Mawimbi ya simu hayapendi kupinda. Kilima kikisimama kati yako na mnara, yanadhoofika. Siku ya soko kuna tatizo lingine: watu wengi wanatumia mnara mmoja kwa wakati mmoja, na maombi yanapanga foleni. Umeme nao ukipotea na betri za mnara zikaisha, hapo hata ukipanda kilima haisaidii.

Kitu kizuri ni kwamba meseji ni mzigo mwepesi. Ujumbe mmoja wa kawaida una nafasi ya herufi 160 tu, na unapita kwenye njia ambayo simu na mnara hutumia kuwasiliana hata usipopiga simu. Teknolojia hii ni ya zamani: meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Ndiyo maana kabambe isiyo na intaneti inatosha kwa malipo, na mtandao dhaifu ambao hauwezi kufungua picha bado unaweza kuleta meseji.

Kama wewe ndiye unayetuma

Usitume tena kwa sababu ya kimya. Kwanza uliza daftari: angalia salio lako. Ikiwa limepungua kwa kiasi ulichotuma pamoja na ada, pesa imetoka. Ukiona salio halieleweki, omba taarifa fupi ya miamala ya karibuni. Mtandao ukikataa hata salio, ngoja au sogea mahali pa juu. Dakika kumi za kungoja ni bei ndogo kuliko kulipa ndengu mara mbili.

Umeshatuma mara mbili, au umekosea nambari? Omba pesa irudishwe haraka. Kwa M-Pesa, unatuma ile meseji ya muamala wenyewe kwenda 456. Kadiri unavyochelewa ndivyo mpokeaji anavyoweza kuitoa kwa wakala, na ikishatolewa kuirudisha kunakuwa kazi ngumu.

Kama wewe ndiye unayepokea

Hapa ndipo matapeli wanapata riziki. Mtu yeyote anaweza kuandika maneno "Umepokea Ksh 9,000" na kuyatuma kwako. Yatafika kama meseji nyingine yoyote, na daftari halijui lolote. Mara nyingi meseji ya uongo inatoka nambari ya kawaida badala ya jina la huduma, au salio lililoandikwa haliendani na lile ulilokuwa nalo. Lakini usitegemee macho peke yake, hasa jioni, gari linangoja na mnunuzi ana haraka.

Fanya hivi: angalia salio kwa mkono wako, kwenye simu yako. Usikubali kuonyeshwa simu ya mnunuzi kama ushahidi. Salio likiwa limeongezeka, achilia mzigo. Likiwa halijaongezeka, mzigo ubaki, hata kama ni maembe yanayoiva juani pale Wote.

Na akikupigia mtu, "Nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie," usikimbilie kumtumia. Angalia salio kwanza. Ikiwa kweli pesa iliingia, mwambie aombe irudishwe kupitia huduma. Ukimtumia mwenyewe, kisha naye aombe irudishwe, unaweza kujikuta umelipa kutoka mfukoni mwako.

Turudi Mutomo

Kijana anaangalia salio: limepungua. Mama naye anaangalia lake: limeongezeka. Meseji bado haijafika, lakini wote wawili wameshajua ukweli, na gunia la kwanza linapandishwa kwenye lori. Meseji itawakuta baadaye, mmoja nyumbani na mwingine barabarani.

Basi wakati mwingine ukiambiwa "nimetuma," usibishane na mtu na usimwonee haya. Jibu kwa upole, "Asante, wacha niangalie salio." Mteja mwaminifu hatakasirika. Akikasirika sana, hapo una sababu zaidi ya kuangalia.