Kukwea miamba: Siri iko miguuni, si vidoleni

Je, msomaji, umewahi kumkuta kijana wako akining'inia kwa ncha za vidole kwenye kizingiti cha juu cha mlango, uso umemwiva, huku akihesabu sekunde kwa sauti? Ikiwa ndivyo, usianze kumgombeza kwa sababu ya rangi ya ukuta anayoichafua. Mwangalie vidole kwanza.

Nasema hivi kwa sababu ya yaliyomfika mpwa wangu, mvulana wa miaka 14 aishiye mtaani Buruburu, Nairobi. Ami yake alimletea kutoka ng'ambo ile miwani mikubwa ya kielektroniki inayofunika macho yote mawili, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa video uitwao The Climb 2. Ukishaivaa hujioni tena sebuleni. Unajiona umeng'ang'ania ubavu wa jabali, bonde liko mbali chini yako, na viganja vinakutoka jasho la kweli ingawa umesimama kwenye zulia.

Kwa muda wa mwezi mzima kijana hakuwa na hadithi nyingine. Kisha akaamua kuwa mkwezi wa kweli, na kwa kuwa Buruburu haina majabali, akaugeuza mlango wa chumba chake kuwa mlima. Kila jioni alining'inia. Wiki ya nne kidole cha kati cha mkono wa kulia kikaanza kuuma kwenye kiungo cha katikati. Akanyamaza. Kilipovimba, mama yake alikikanda kwa maji moto, na jirani mmoja mwenye nia njema akakivuta ili "kirudi mahali pake".

Maumivu yakazidi. Hatimaye alipopigwa picha ya eksirei, daktari aliwaonyesha ufa mwembamba mahali pale ambapo mfupa wa kidole hurefukia.

Huo si mkasa wa ajabu. Ni jeraha ambalo madaktari wa michezo katika nchi zenye wakwezi wengi wanalijua vyema, hasa kwa vijana walio katika umri wa kubalehe. Kwetu ni geni kwa kuwa mchezo wenyewe ungali mgeni kwa wengi.

Mikono bila miguu

Michezo ya video kuhusu kukwea haikuanza jana. Mwaka 1980 kampuni ya Nichibutsu ya Japani ilitoa mashine ya mchezo ulioitwa Crazy Climber, ambapo mchezaji alishika vifimbo viwili, kimoja kwa kila mkono, na kumpandisha mtu kwenye jumba la ghorofa huku wapangaji wakimwangushia vyungu vya maua. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Crytek ya Ujerumani ilitoa The Climb, na mwaka 2021 ikafuata ile ya pili aliyoicheza mpwa wangu. Wafaransa nao walitoa Jusant mwaka 2023, ambapo kitufe kimoja ni mkono wa kushoto na kingine ni wa kulia. Ukiachilia vyote viwili, unaanguka.

Sitaki kuidharau michezo hii. Inafunza jambo moja kubwa, nalo ni kuusoma mwamba kabla ya kuugusa: wapi pa kushika, wapi pa kupumzikia, na njia ipi ina mwisho. Mkwezi wa kweli hufanya vivyo hivyo. Husimama chini akitazama juu, na kuipanga safari yake kichwani.

Lakini ukimwangalia vizuri mtu anayecheza The Climb utagundua kasoro moja. Ndani ya miwani ile anaona mikono miwili tu, inaelea hewani. Miguu hana! Basi kijana akitoka hapo anaamini kwamba kukwea ni kujivuta juu kwa mikono, na anayetaka kuwa hodari hana budi kuvikomaza vidole.

Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Enda Kilifi au Kwale ukamtazame mgema akipanda mnazi. Mikono yake hukumbatia tu shina ili asianguke kinyumenyume. Kinachompandisha ni mapaja na nyayo, na ndiyo sababu anaweza kupanda minazi mingi kwa siku moja, asubuhi na jioni, hata akiwa mtu mzima. Angekuwa anajivuta kwa vidole, asingefika mnazi wa tatu.

Mkwezi wa miamba naye ni hivyo hivyo. Misuli ya paja ndiyo mikubwa mwilini, imezoea kubeba uzito wako tangu ulipoanza kutembea. Misuli ya mkono haikuumbiwa kazi hiyo. Mwalimu mzuri atamwambia mwanafunzi anyooshe mikono, asiikunje, ausogeze mwili karibu na ukuta, na asimame juu ya ncha ya kiatu kana kwamba anapanda ngazi.

Vitanzi vya mshipi

Fanya jaribio hili hapo ulipoketi. Shika kigasha chako cha kushoto, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kiganja, kwa mkono wa kulia. Sasa fumba na ufumbue vidole vya kushoto. Unahisi misuli ikicheza? Nguvu inayokunja vidole hutoka huko. Vidoleni kwenyewe hakuna misuli ya kuvikunja, bali kano zinazopita kama kamba kutoka kwenye kigasha hadi karibu na ncha.

Kano hizo hushikiliwa karibu na mfupa na vitanzi vidogo vilivyo imara, mfano wa vile vitanzi vya suruali vinavyoshikilia mshipi. Mtu anaposhika ukingo mwembamba wa jiwe kwa kukunja vidole kama kucha za mwewe, vitanzi hivyo hubeba mzigo mkubwa ajabu. Kwa mtu mzima, kitanzi kinaweza kukatika, wakati mwingine kwa mlio unaosikika kama kijiti kilichovunjwa.

Jambo ambalo wanaoanza hawalijui ni kwamba misuli hupata nguvu haraka, katika muda wa wiki chache, ilhali kano na vitanzi huchukua miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, kuzoea mzigo uo huo. Mtu hujiona ameshakuwa na nguvu, naye hajui kwamba kamba zake bado ni za jana.

Kwa kijana anayekua mambo ni tofauti tena. Karibu na mwisho wa kila mfupa wa kidole chake kuna utepe wa gegedu ambao ndio unaourefusha mfupa. Gegedu hiyo ni dhaifu kuliko kano zake. Mzigo ukizidi kila siku, kano haikatiki. Kinachopata ufa ni gegedu. Maumivu huja polepole, bila ya kuanguka wala kugongwa, aghalabu katika kiungo cha kati cha kidole cha kati au cha pete, upande wa juu. Umri wa hatari zaidi ni ule wa kurefuka kwa kasi, yapata miaka 13 hadi 16 kwa wavulana, na mapema kidogo kwa wasichana.

Likigunduliwa mapema, jeraha hili kwa kawaida hupona kwa kupumzisha kidole, ingawa mapumziko yenyewe ni ya wiki kadhaa au miezi. Likipuuzwa, kidole kinaweza kupinda, kukakamaa, au kubaki kifupi maishani. Kwa hivyo kidole cha kijana kinachouma kiungoni kwa siku kadhaa kisikandwe, wala kisivutwe. Kipelekwe eksirei. Na mwambie daktari kwamba mtoto anakwea au ananing'inia, kwa maana asipolijua hilo huenda akadhani ni mpira uliomgonga.

Wataalamu wa mchezo huu hushauri kwamba mazoezi ya kuning'inia kwa ncha za vidole, na yale ya kurukia kutoka ubao hadi ubao kwa mikono mitupu, yaachwe kabisa hadi kijana amalize kukua. Sijui ni mlango upi wa Nairobi ulio na onyo hilo.

Uchovu wa mkwezi

Kuna jambo moja ambalo watengenezaji wa michezo ya video wamelipatia. Katika mingi yao kuna mstari unaoonyesha nguvu zilizobaki, na ukiisha unaporomoka. Mkwezi wa kweli anayajua hayo. Ukibana vidole kwa nguvu muda mrefu, misuli ya kigasha huikaba mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake. Damu mpya haipiti vizuri, kigasha huvimba na kuwaka moto, na vidole hufunguka vyenyewe hata ukiviamuru visifunguke. Dawa yake ni kuuteremsha mkono mmoja na kuukung'uta, huku umesimama vizuri miguuni.

Mchezo wa Peak, uliotoka mwaka 2025, umeongeza ukweli mwingine: njaa na majeraha huufupisha mstari wenyewe. Mchezo wa Cairn wa mwaka 2026 umeenda mbele zaidi. Humo mchezaji huiweka mikono na miguu ya mkwezi aitwaye Aava, kiungo kimoja kimoja, na badala ya kutazama mstari anasikiliza anavyohema na kuangalia miguu inavyotetemeka. Nikiulizwa na mzazi ni upi ulio karibu na kweli, nitautaja huo.

Hilo la njaa lisipite hivi hivi. Kwa kuwa mkwezi huinua uzito wake mwenyewe, wako vijana wanaojinyima chakula ili wawe wepesi. Janja Garnbret wa Slovenia, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Tokyo na tena Paris, amejitokeza hadharani kulipigia kelele jambo hili. Kijana asiyekula vya kutosha hudhoofika mifupa, na msichana anaweza kukosa hedhi. Ukiona mkwezi wako ameanza kuisukuma sahani kando, hiyo si nidhamu ya michezo.

Tena miwani ile ina yake. Macho huuambia ubongo kwamba mwili unasogea, sikio la ndani linakana, na mzozo huo humfanya mtu apate kizunguzungu na kichefuchefu. Akihisi hivyo aivue mara moja, asijilazimishe. Na meza ya vioo iondolewe sebuleni. Hata wanaocheza kwa vidude vya mkononi hawajasalimika: mwaka 1990 daktari mmoja aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine habari za mgonjwa aliyeumwa sana gumba baada ya kucheza Nintendo saa nyingi mfululizo, na maradhi hayo akayaita Nintendinitis.

Faida ya jabali

Yote haya si ya kukutisha umfungie mtoto ndani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku, na kukwea ni mojawapo ya michezo inayotumia mwili mzima: miguu, mgongo, tumbo, mabega na mizani ya mwili. Akili nayo haikai bure. Nchini Ujerumani, watafiti walichapisha mwaka 2020 matokeo ya tiba ya sonona inayofanywa kwenye kuta fupi za kukwea zenye magodoro chini. Wagonjwa waliokwea na kuzungumza katika kikundi walipata nafuu zaidi kuliko waliofanya mazoezi peke yao nyumbani.

Kwetu pia pa kwenda papo. Katika mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha kuna mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, wa urefu wa takriban mita 25, ambao hata mgeni wa mchezo huweza kuujaribu akiwa na mwelekezi. Magenge ya Lukenya, ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, yamekwewa kwa miaka mingi na wanachama wa Mountain Club of Kenya. Kabla ya kulipa, kagua haya: kofia ngumu kichwani, mkanda uliokaza kiunoni na mapajani, fundo lililokaguliwa na watu wawili, na mtu mzima makini anayeishika kamba chini. Akiwa anaongea na simu, rudi nyumbani.

Kwenye ukuta mfupi usio na kamba, wengi huumia vifundo vya miguu na viwiko. Mtoto afundishwe kuanguka kabla ya kufundishwa kupanda: atue kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kisha ajiviringishe mgongoni, mikono ameikumbatia kifuani. Anayetanguliza mkono nyuma ili ajizuie ndiye anayevunjika.

Mpwa wangu alipumzika wiki 10. Siku daktari alipomruhusu, tulimpeleka Lukenya kwa mwelekezi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Kijana alikuwa ameshapaka chaki viganjani kama alivyozoea katika mchezo wake. Mzee alimwangalia, akampeleka kwenye mwamba uliolala kidogo, akamwambia aweke mikono mgongoni na apande hivyo hivyo.

Aliteleza mara nne. Mara ya tano alipanda hatua sita, akasimama, akatazama chini kwenye viatu vyake kana kwamba ndiyo siku ya kwanza anaviona.