Wakwe wamefika Songea, usiwafungie gesti

JUNI mwaka jana tulimwoza binti wa kaka yangu hapa Songea. Wakwe walitoka Moshi, basi zima, wakafika Alhamisi usiku wakati harusi ni Jumamosi. Kamati ilikuwa imepanga kila kitu: ukumbi, mapambo, keki, muziki, hadi nani akae meza ya mbele. Siku ya Ijumaa ndiyo haikuwa na mwenyewe. Wageni walishinda gesti wakitazama televisheni, watoto wakikimbizana koridoni.

Jioni nilipokwenda kuwajulia hali, baba mkubwa wa bwana harusi akaniuliza, "Mama, huyo Songea aliyepewa mji, alikuwa nani?" Nikajibu maneno mawili matatu, nikaishia hapo. Nimezaliwa hapa hapa. Niliona aibu.

Jumapili nikawapeleka Makumbusho ya Majimaji, eneo la Mahenge, karibu kabisa na katikati ya mji. Hapo ndipo walipozikwa mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na inaelezwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo na kuomba radhi.

Mzee alivua kofia, akasimama kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Hata kwetu walimnyonga Mangi Meli." Ilikuwa Machi 2, 1900, Old Moshi, na kichwa chake nacho wajukuu wanakitafuta Ujerumani hadi leo. Kaka yangu akamshika mkono. Mahari ilikuwa imeshalipwa na harusi imekwisha, lakini mimi naona undugu wetu ulianzia pale makaburini.

Kwa hiyo msomaji, kama una harusi mwaka huu, tenga gari moja na kijana mmoja mwenye subira kwa ajili ya wageni. Kwa wazee, anza na makumbusho, na umwombe mwongozaji awaeleze taratibu. Wenye miguu wapeleke Chandamali, kwenye mapango ambayo wenyeji husema Nduna Songea aliyatumia kujificha. Watoto wapeleke bustani ya wanyamapori ya Luhira, iliyo ndani ya manispaa. Wataona wanyama, na utarudi nao mjini kabla ya chakula cha mchana.

Wanaopenda kupanda mlima, waonyeshe Matogoro. Mto Ruvuma unaanzia huko, kisha unakwenda kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Ule ni msitu wa hifadhi, hivyo ulizia utaratibu mapema na mwende na mwenyeji anayejua njia.

Jumapili wageni Wakatoliki watafurahi kusali Peramiho, kilomita zipatazo 25 kutoka mjini, kwenye kanisa kubwa la abasia ya Wabenediktini waliofika huko mwaka 1898. Wasio Wakatoliki nao watapenda kuona kanisa lenyewe na mandhari ya njiani.

Wenye siku ya ziada waende Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Lami inafika, lakini ondokeni alfajiri: safari inapitia Mbinga, penye milima na kona nyingi. Mkifika Umatengoni simameni kidogo mwone ngolo, yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo usichukuliwe na maji. Ziwani mtakula samaki wabichi.

Jambo la mwisho: waambie wageni waje na masweta. Juni na Julai baridi ya Songea haina utani, na mtu wa Dar es Salaam asiyeonywa ataikumbuka baridi kuliko keki.

Na wewe mwenyeji, kabla hawajafika, nenda kwanza peke yako makumbusho ukasikilize. Swali la yule mzee litakuja tu.