Mwalimu wa Marubani
Mwaka 1857 Burton alitumia siku 134 kutoka pwani mpaka Tabora. Ndege ya jeti ingemfikisha mtu Ntalikwa, jirani na njia hiyo ya misafara, kwa muda usiotimia saa moja.

Lakini nani amfundishe rubani? Wajerumani wa Magharibi walianza kazi hiyo, wakaondoa wakufunzi wao mwaka 1965 kwa ugomvi wa Ujerumani Mashariki. Wakaja Wakanada mpaka 1970. Kisha Wachina, walioleta jeti. Mgeni hufunga mizigo apendapo! Kwa hiyo Mtanzania aketiye kiti cha nyuma, akimwongoza kijana angani, ana thamani kupita ndege yenyewe. Jina lake halitangazwi. Wakitua humweleza kijana makosa yake, kisha hupanda na mwingine.