Retreti ya familia kando ya mto: kwa nini tulirudi tumechoka kuliko tulivyoenda

Kila mwaka shule zinapofungwa, mwezi wa saba, paruasi nyingi za Haut-Katanga hupanga kutoa familia mjini kwa siku mbili au tatu. Kwetu Lubumbashi mvua inakuwa imekwisha tangu mwezi wa tano, barabara za vumbi zinapitika, na tarehe 1 mwezi wa nane inakuja na Siku ya Wazazi. Basi watu hukodi basi, hufunga masufuria na mablanketi, wakaenda kulala katika hema kando ya mto. Tunaita jambo hilo retreti ya familia.

Sisi tuliongoza retreti mbili za namna hiyo, na zote mbili zilitufedhehesha. Tunaeleza hapa yaliyotokea, sababu zake, na yale tuliyojifunza katika Maandiko, ili ndugu wanaojitayarisha kwa vakansi inayokuja wasirudie makosa yetu.

Mwaka wa kwanza: kelele za wengine

Mahali tulipopachagua ni kambi ya mtu binafsi kando ya mto, upande wa Likasi. Tulienda kupaona siku ya Jumanne asubuhi. Tulisikia ndege na maji tu. Tukamshukuru Mungu, tukalipa arabuni siku ileile.

Tulirudi siku ya Ijumaa na familia kumi na moja. Jua lilipozama, jenereta ikawashwa ng'ambo ya mto, na baa ambayo Jumanne ilikuwa imefungwa ikaanza muziki. Muziki ule haukunyamaza mpaka karibu na mapambazuko, na Jumamosi ikawa vilevile. Baridi nayo ilikuwa kali, kwa maana mji wetu na kandokando yake viko juu ya mita 1,000, na katika kiangazi usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Watoto walilia. Katika ibada ya asubuhi nusu ya watu walisinzia, na mhubiri mwenyewe alipoteza mstari wake mara mbili.

Mama mmoja anayeuza unga sokoni alikuwa ameweka mchango wake kidogo kidogo kwa likelemba tangu Pasaka. Tuliporudi alituuliza kwa upole: "Mchungaji, tulilipa ili tukeshe?" Hatukuwa na jibu.

Mwaka wa pili: kelele zetu

Ingefaa tubadilishe mahali. Lakini bei ilikuwa nafuu, na wengine kati yetu walisema kwamba adui asitufukuze. Kwa hiyo tulipeleka sono ya paruasi na jenereta yetu. Baa ilipoanza, sisi pia tukaanza. Tuliimba na kuhubiri kwa vipaza sauti mpaka usiku wa manane, tukasema kwamba sifa zimeshinda.

Jumapili asubuhi mzee mmoja mvuvi, jirani wa kambi, alikuja kutusalimu. Alikaa, akakubali chai, akauliza habari za safari. Baadaye akasema kwamba mjukuu wake ni mgonjwa, na kwamba nyumbani kwake hawajalala usiku mbili. Kisha akaongeza: "Zamani tulikuwa na baa moja. Sasa tuna mbili."

Neno hilo lilitukata. Tulikuwa tumemlaumu mwenye baa mwaka mzima, mpaka katika maombi. Na yule mzee hakuona tofauti yoyote kati yake na sisi watumishi wa Mungu.

Kwa nini sauti inafika mbali usiku

Wengi wanafikiri kwamba ukikaa ng'ambo ya mto uko mbali na kelele. Ukweli ni kinyume. Maji yaliyotulia hayamezi sauti kama majani na miti inavyofanya. Yanairudisha juu, nayo inaendelea kusafiri.

Kuna sababu nyingine, na hiyo inahusu majira yetu hasa. Sauti huenda kwa kasi zaidi katika hewa ya joto kuliko katika hewa ya baridi. Mchana, hewa ya chini ina joto kuliko ya juu, na sauti hujikunja kuelekea angani ikapotea. Usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi bila mawingu, ardhi inapoa upesi. Hewa baridi inashuka na kulala bondeni kando ya mto, na hewa yenye joto inabaki juu yake. Ndipo sauti inajikunja kurudi chini. Muziki ambao mchana usingeusikia, usiku unakuja mpaka ndani ya hema kana kwamba uko mlangoni. Na ukuta wa hema ni kitambaa tu.

Kwa hiyo kupatembelea mahali mchana wa katikati ya juma hakukutuambia lolote juu ya usiku wa Jumamosi. Hilo halikuwa shambulio la shetani. Sisi tulishindwa kuuliza.

Tusilidharau jambo la usingizi. Mwaka 2009 ofisi ya Shirika la Afya Duniani inayohusika na Ulaya ilishauri kwamba kelele za usiku nje ya nyumba, kwa wastani, zisizidi desibeli 40, kwa sababu zikizidi zinaanza kudhuru afya. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili. Tuliwanyima watoto wetu usingizi huo usiku mbili mfululizo, kisha tukawakemea kwa kutosikiliza Neno.

Maandiko yanasema nini juu ya kupumzika

Katika Marko 6:30-46, mitume wanarudi kutoka kazini wamechoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaita waende naye faraghani wapumzike kidogo. Wanapanda chombo, na wanapofika wanakuta umati umewatangulia! Nao walikuja kando ya maji kutafuta utulivu wakakosa. Tuangalie Bwana alifanya nini. Aliwahurumia watu, akawafundisha, akahakikisha wamekula. Lakini hakuusahau utulivu. Jioni aliwatuma wanafunzi wake mbele, akauaga umati, akapanda mlimani peke yake kuomba. Pumziko liliahirishwa bila kufutwa.

Katika 1 Wafalme 19, Eliya amekata tamaa mpaka anaomba kufa. Malaika anamletea mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena. Sauti ya utulivu pale Horebu inakuja baadaye. Mungu alimpa mtumishi wake usingizi na chakula kabla ya kumpa ujumbe. Sisi tulipanga mahubiri matano katika siku mbili, na usingizi haukuwa na nafasi katika programu yetu.

Tena iko Sikukuu ya Vibanda. Katika Walawi 23 Mungu anawaagiza Waisraeli wakae siku saba katika vibanda vya matawi, wakumbuke jinsi baba zao walivyoishi walipotoka Misri. Hiyo ni kambi ya familia iliyoamriwa na Mungu mwenyewe! Na Kumbukumbu la Torati 16:14 linataja wanaopaswa kufurahi: wana na binti, watumwa na wajakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Furaha ya familia moja isiyomfikia mgeni na mjane haijatimiza agizo. Yule mvuvi na mjukuu wake walikuwa wageni wetu, au tuseme, sisi tulikuwa wageni wao.

Tukubali na jambo jingine. Amri ya nne inampumzisha kila mtu nyumbani, hata mjakazi na mnyama. Katika retreti zetu akina mama waliamka gizani kuwasha mbabula, wakasonga bukari ya watu zaidi ya hamsini, wakaosha masufuria mtoni, huku sisi akina baba tukijadili chini ya mti. Hata kama baa ingenyamaza, wao wasingepumzika.

Mambo ya kutayarisha

Kwanza, mtume mtu akalale pale usiku wa Jumamosi kabla ya kulipa arabuni. Asikilize, asikie baridi, aulize majirani. Majirani wanajua kuliko mwenye kambi.

Pili, mwende kumsalimu mkuu wa kijiji na majirani kabla ya kupiga hema. Waulizeni kama kuna arusi, kilio au sikukuu siku hizo. Waambieni mtaimba mpaka saa ngapi. Sisi sasa tunanyamaza saa tatu ya usiku, na sono inabaki mjini. Ngoma moja inatosha.

Tatu, fikirini siku za katikati ya juma. Wakati wa vakansi watoto hawana shule, na mabaa yana watu wachache. Wazazi wenye kazi waweza kuja usiku mmoja tu.

Nne, punguzeni mahubiri na mapishi. Neno moja asubuhi, kisha kila familia ikae peke yake, wazazi wasikilize watoto. Bukari mara moja kwa siku. Akina baba na vijana wapike na kuosha kwa zamu iliyoandikwa.

Tano, maji ya kunywa yachemshwe, vyandarua na mablanketi yahesabiwe kabla ya safari. Watoto wasiogelee ovyo mahali maji yanapotulia penye majani, maana ndipo konokono wa kichocho wanapoishi. Na mahali penye mamba, hakuna kuoga mtoni kabisa.

Sita, asiye na mchango asibaki nyuma. Katika Nehemia 8:16 watu walijenga vibanda juu ya mapaa ya nyumba zao, katika nyua zao, katika nyua za nyumba ya Mungu na katika uwanja wa lango la maji. Si wote waliosafiri. Familia yaweza kutenga siku mbili nyumbani, simu zikizimwa, wageni wakiarifiwa. Paruasi yaweza kufungua uwanja wake. Pumziko halinunuliwi kwa nauli.

Mwaka wa tatu

Mwaka huu tulienda tena, familia sita tu, mahali pengine. Mjumbe wetu alilala pale kabla. Tulipofika kumsalimu mkuu wa kijiji alitwambia kwamba Alhamisi kuna arusi na ngoma zitapigwa. Hatukunung'unika. Jioni ile tuliwapelekea maharusi zawadi ya unga na sabuni, tukakaa nao kidogo, tukawaombea, kisha tukarudi kulala. Ngoma tulizisikia, lakini tulikuwa tunawajua wanaozipiga, na watoto walilala. Usiku uliofuata tulisikia mto.

Yule mama muuza unga hakuja. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba msamaha, na kwa mvuvi pia tulikwenda. Mama alitupokea vizuri, akasema atafikiri mwakani. Hatuwezi kumdai zaidi ya hapo. Mchungaji anayewaambia watu waje wapumzike anatumia maneno ya Bwana mwenyewe, na ahadi iliyotolewa kwa jina lake inapovunjika, wanaolipa ni wale walioweka pesa kidogo kidogo tangu Pasaka.

Bwana atufundishe kuwapumzisha watu wake, na atufundishe sisi tulioitwa kusema, saa ya kunyamaza. Amina.