Bei ya Sake na Jasho la Wapikaji

Wako wanaodhani kwamba chupa ya sake ya Japani ikiuzwa kwa fedha nyingi ni ulaghai tu wa wafanya biashara. Ulaghai haukosekani sokoni, lakini kabla ya kulaumu yatupasa kuhesabu jasho.

Sake ni pombe ya mchele, maji, hamira na koji, yaani ukungu unaooteshwa juu ya mchele ili wanga wake ugeuke sukari. Gharama yaanza kwenye mashine ya kukoboa. Sehemu ya nje ya punje ina mafuta na protini, navyo huharibu harufu laini inayotafutwa, basi huondolewa. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 1990, sake haiwezi kuitwa daiginjo ila punje imebaki asilimia 50 au chini yake. Mashine huzunguka polepole, siku mbili au tatu, kwa maana ikiharakishwa mchele hupata moto ukapasuka. Sake iitwayo Dassai 23, ya mkoa wa Yamaguchi, hukobolewa hata ikabaki asilimia 23. Hebu mkulima afikiri: katika kilo 100, kilo 77 zimekuwa unga! (Unga huo huuzwa kwa watengenezaji wa biskuti za mchele, lakini si kwa bei ya mchele wenyewe.)

Tena mbegu ina taabu yake. Yamada Nishiki, iliyopewa jina hilo mwaka 1936 huko Hyogo, ina bua refu. Upepo ukivuma hulala chini, na hasara ni ya mkulima.

Kisha yaja kazi ya mikono. Koji hulelewa kama mtoto mchanga katika chumba chenye joto, siku mbili hivi, na watu hukesha wakiigeuza. Baadaye pombe huumuka katika ubaridi wa nyuzi kama 10, mwezi mzima au zaidi. Ile ya juu kabisa hutiwa katika mifuko ya kitambaa, ikaning'inizwa, ikachuruzika yenyewe tone kwa tone.

Nani walioifanya kazi hiyo? Wakulima. Mavuno yakiisha, wanaume wa vijiji vya Iwate, Niigata na Hyogo waliacha wake na watoto wakaenda kulala viwandani majira yote ya baridi, chini ya fundi mkuu aitwaye toji. Upweke wa nyumba zile haukuandikwa katika bei ya chupa yo yote. Vijana walipopata kazi za mwaka mzima mijini, vibarua wakaadimika. Kiwanda cha Dassai kiliacha kutumia toji, kikaajiri wafanya kazi wa kudumu, nacho hupika mwaka mzima. Sisi twaona hayo ni maendeleo, ijapokuwa wapenda mila hununa.

Ushuru, nauli na faida ya wachuuzi huongezwa baadaye. Hapo mnunuzi na awe mkali, maana kukoboa zaidi hakuongezi utamu bila kikomo. Kiwanda cha Tatenokawa, mkoani Yamagata, kimekoboa hata ikabaki asilimia 1 tu. Bei ya chupa hiyo hatuitetei.